Gesi Nyumbani: Anayepika Ndiye Afundishwe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo juu ya moto wa jikoni)

Najua wengine wenu mmeacha mahindi yameanikwa na mawingu ndiyo yale mnayaona, kwa hivyo sitawakawiza.

Nimeombwa nizungumze juu ya gesi ya kupikia. Sababu mnaijua. Zamani zamu ya mtu ikifika kwenye merigoraundi, alinunuliwa sufuria, vikombe ama blanketi. Siku hizi vikundi vingi vinamnunulia mtungi wa gesi na jiko lake. Hilo ni jambo jema na sikuja kulipinga. Nimekuja na swali moja tu. Tukishampa mwanachama mtungi, tukapiga makofi na kuimba, ni nani atakayeuwasha kesho asubuhi?

Wacha tufikiri pamoja. Mwanachama ni mama. Kesho ni siku ya soko, anatoka kabla ya jua. Anayebaki nyumbani ni nyanya, ama msichana wa darasa la sita, ama kijana anayesaidia kazi za ng'ombe. Hao ndio watakaopika uji. Na hao hawakuja kwenye mkutano. Hawakumwona fundi akionyesha. Waliona mtungi ukishuka kwenye boda boda, basi.

Kwa hivyo neno langu la leo ni fupi: anayepika ndiye afundishwe. Mkisahau mengine yote nitakayosema, hilo mwende nalo.

KWA NINI TUNATAKA GESI

Hakuna haja ya kuwaeleza akina mama habari ya moshi. Macho yenu yanaijua. Lakini ni vizuri wazee nao wasikie. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya ndani ya nyumba, na sehemu kubwa ya uchafu huo ni moshi wa kupikia. Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa vile hao ndio wanaokaa karibu na moto.

Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka wa 2019, zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zinapikia kuni, na karibu robo zilikuwa zinapikia gesi. Gesi ilikuwa imezoeleka mijini kwanza. Sasa inaingia vijijini. Na kitu kipya kinapoingia kijijini, huja na mazoea ya kitu cha zamani. Tunataka kuitumia gesi kama tunavyotumia kuni. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kuni ukizisahau, zinazimika zenyewe. Gesi ukiisahau, inaendelea kutoka. Kuni zikiwa hazijawaka, hazina neno. Gesi ikiwa haijawaka, hapo ndipo ni mbaya zaidi.

TABIA NNE ZA GESI

Ukitaka kukaa na mtu vizuri, jua tabia zake. Gesi ya mtungi ina tabia nne.

Kwanza, ndani ya mtungi si hewa, ni maji maji. Ukiutikisa unasikia kitu kinacheza. Ni propani na butani, gesi zinazotokana na mafuta ya petroli, zimesukumwa kwa nguvu mpaka zikawa kama maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje inakuwa karibu lita 250 za gesi. Kwa hivyo tundu dogo kama la sindano si jambo dogo.

Pili, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi wa kuni hupanda juu, gesi hushuka chini. Hutambaa sakafuni kama maji, huingia chini ya kitanda, hujaa kwenye shimo na kukaa hapo. Nyumba inaweza kuwa na dirisha kubwa juu na gesi iwe bado imelala chini.

Tatu, gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya kama ya kabichi iliyooza huwekwa makusudi ili tujue inapovuja. Harufu hiyo ni mlinzi wetu. Usifukize ubani ama kupulizia marashi ili kuificha.

Nne, haihitaji kuwa nyingi. Ikifika sehemu mbili tu katika kila sehemu mia za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuiwasha yote.

Mkishika hizi nne, mambo mengine yote nitakayosema mtayaelewa sababu yake. Hamtahitaji kukariri.

KUNUNUA MTUNGI

Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, aliye na mizani, na anayetoa risiti. Angalieni mambo haya kabla ya kulipa.

Kifuniko cha kufungia mdomo wa mtungi kiwe kizima, hakijakatwa na kubandikwa tena. Mtungi usiwe umebonyea ama kuliwa na kutu, hasa chini kwenye kitako. Mdomo wa mtungi uwe safi, na kile kijipira cha ndani kisiwe kimekatika.

Kisha upimwe. Kwenye shingo ya mtungi kumepigwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Tafuta herufi T.W. na namba iliyo karibu nayo. Tuseme ni kilo 7.2. Mtungi wako ni wa kilo 6. Jumlisha: 7.2 na 6 ni 13.2. Hiyo ndiyo namba mizani inapaswa kuonyesha. Ikionyesha 12.2, umeibiwa kilo nzima. Kama ulilipa shilingi 1,200, basi shilingi 200 zimepotea kabla hujapika hata chai. Na mizani ikizidi sana ile namba, msifurahi. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ni hatari, kwa vile gesi hupanuka ikipata joto na lazima ibakishiwe nafasi ndani.

Sasa kuna wale wanaojaza mitungi kwa siri, wakihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo ndani ya chumba. Bei yao ni ya kuvutia. Lakini hakuna aliyepima, hakuna aliyekagua kama mtungi unavuja. Na hatari yake si ya mnunuzi peke yake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kule Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila kibali. Moto ulifika kwenye nyumba za watu waliokuwa wamelala. Watu walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta na gesi, EPRA, ilisema kwamba mwaka wa 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo. Watu wale hawakuwa wamenunua gesi hiyo. Walikuwa majirani tu.

Kwa hivyo ukiona mtu anajaza mitungi nyuma ya duka hapa sokoni, usiseme ni riziki yake. Mwambie chifu.

Mkishanunua, mtungi usafiri ukiwa umesimama, umefungwa kamba. Usilazwe juu ya boda boda kama gunia la viazi, wala usifungiwe ndani ya buti ya gari pamoja na abiria anayevuta sigara.

KUFUNGA JIKO NYUMBANI

Hapa kuna aina mbili. Kuna ule mtungi mdogo wa kilo 6 ambao bana na grili hufungwa juu yake, wengi tunauita meko. Na kuna mtungi, mara nyingi wa kilo 13, unaounganishwa kwa regulata na mpira hadi kwenye jiko la meza.

Kwanza tuchague mahali. Sakafu iwe sawa na ngumu. Kama ni udongo, tandika jiwe pana ama ubao uliopigwa vizuri, mtungi usiyumbe. Usiuweke shimoni, wala kwenye chumba cha chini, wala ndani ya kabati lililofungwa. Usiuweke kwenye jua kali. Usiuweke karibu na mafiga ama jiko la makaa. Hili nalisisitiza kwa vile wengi wetu tunaongeza gesi bila kuacha kuni. Ukitaka kutumia vyote viwili, gesi ikae kwenye chumba chake na kuni zikae kwenye jikoni ya nje. Visiwake chini ya paa moja.

Kama nyumba ya kupikia ni ya nyasi, ama kuta zake zimebandikwa magazeti na karatasi za nailoni, msiweke gesi humo mpaka mmeitengeneza. Bandua karatasi zote upande wa jiko, piga udongo ama mabati ukutani. Pazia lisining'inie karibu na moto.

Hewa ipite juu na chini. Kumbukeni gesi hushuka. Dirisha peke yake halitoshi. Toboa tundu chini ukutani, karibu na sakafu, litokee nje, na weka wavu panya wasiingie. Tundu hilo lisizibwe na gunia wakati wa baridi.

Kwa meko: hakikisha koki ya bana imefungwa. Angalia kijipira cha ndani. Weka bana wima, izungushe kwa mkono mpaka ishike. Usiilazimishe kwa spana, utakata nyuzi zake. Kisha weka grili.

Kwa jiko la meza: jiko likae juu ya meza imara, mtungi ukae chini pembeni, usiwe chini ya jiko lenyewe. Mpira uwe ule wa gesi, usiwe wa maji ya shamba. Uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, usikunjwe, usikanyagwe na mguu wa meza. Kila mwisho ukazwe kwa klipu ya chuma. Sitaki kuona umefungwa kwa waya ama kwa blada ya baiskeli. Regulata iwe ya jiko la nyumbani. Zile za nguvu za majiko ya hoteli hazifai kwetu.

Mpira huzeeka hata kama unaonekana mzuri. Ukiukunja na ukaona vijiufa, utupe. Hata usipoona ufa, mkijiwekea desturi ya kuubadilisha kila baada ya miaka miwili hamtakosea. Andikeni tarehe ukutani kwa chaki siku mliyoufunga. Na panya akiutafuna, usiuzibe kwa sabuni ya kipande. Nunua mwingine.

Kama unataka mtungi ukae nje na gesi iingie ndani kupitia ukutani, hiyo ni kazi ya fundi na paipu ya chuma ama shaba. Usipitishe mpira kwenye tundu la ukuta.

MAPOVU NDIYO YATAKAYOSEMA

Ukishafunga, usiwashe bado. Chukua maji kidogo kwenye kikombe, weka sabuni, koroga mpaka povu. Fungua gesi ya mtungi, lakini koki za jiko ziwe zimefungwa. Pakaza povu kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regulata, kwenye mpira wote na kwenye klipu. Mapovu yakikua na kupasuka, hapo panavuja. Funga, kaza ama badilisha, kisha pima tena.

Hii ni kazi ya dakika tano na mtoto wa shule anaweza kuifanya. Ifanyike kila mtungi unapobadilishwa. Usipime kwa kiberiti, hata siku moja. Niliwahi kusikia mzee akisema yeye hupitisha kiberiti haraka haraka ili aone. Nikamwambia, mzee, gesi ni ya haraka kukuliko.

KUWASHA NA KUZIMA

Washa kiberiti kwanza, kisha fungua gesi. Si kinyume chake. Nasema tena kwa vile hapa ndipo watoto wanapoungua. Katika nyumba moja niliyotembelea baada ya ajali, msichana wa miaka 11 alikuwa amefungua koki, akaenda kutafuta kiberiti chumba cha pili. Kiberiti kilikuwa chini ya godoro. Aliporudi na kukiwasha, moto ulitoka chini ukamshika miguu na mikono. Mama yake alikuwa sokoni. Mama alijua vizuri namna ya kuwasha, alionyeshwa siku ya kikundi. Msichana hakuwa ameonyeshwa na mtu yeyote. Alipona, lakini alikaa nje ya shule muhula mzima, na vidole viwili havikunjiki hadi leo.

Mnaona sasa kwa nini nasema anayepika ndiye afundishwe?

Kiberiti kikae mahali pamoja, karibu na jiko lakini juu, mtoto mdogo asifikie. Ukiwasha mara ya kwanza na isishike, funga gesi, ngoja dakika chache hewa ipite, kisha jaribu tena.

Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano na unapaka sufuria masizi, hewa haitoshi ama matundu ya bana yameziba. Zima, ipoe, isafishe.

Ukizima jiko la meza, funga mtungi kwanza, acha ile gesi iliyobaki kwenye mpira iishe kuwaka, kisha funga koki ya jiko. Usiku kabla ya kulala, na kila mkitoka nyumbani, mtungi uwe umefungwa. Mtu mmoja ndani ya nyumba apewe kazi hiyo, na ajulikane ni nani.

Usiiache sufuria ya maziwa motoni ukaenda kukamua. Maziwa yakifurika yanazima moto, na gesi inaendelea kutoka.

Kuhusu ugali, akina mama, naomba mnisikilize. Ugali unasongwa kwa nguvu. Ukiusonga juu ya meko, mtungi wote unayumba, na unaweza kuanguka na uji wa moto na gesi pamoja. Ugali wa familia kubwa usongwe juu ya jiko imara. Na sufuria kubwa ya githeri isiwekwe juu ya meko kwa saa tatu. Ni nzito, na ikiwa pana sana inarudisha joto chini kwenye mdomo wa mtungi. Loweka maharagwe usiku, chemsha, kisha maliza kwenye kikapu cha kuhifadhi joto. Utaokoa gesi pia.

Na gesi inapokaribia kuisha, usiulaze mtungi, usiupindue, wala usiuweke kwenye maji ya moto ama juani ili itoke ile ya mwisho. Ile iliyobaki haina thamani ya nyumba.

Neno lingine ni baridi. Huku kwetu Julai ni baridi kweli. Kuna watu wanafunga milango na madirisha, wanawasha gesi ama jiko la makaa ili chumba kipate joto, kisha wanalala. Moto ukikosa hewa safi hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala na haamki. Jiko ni la kupikia. Joto la usiku ni blanketi.

IKINUKA, FANYA HIVI

Ukiingia ndani usikie harufu ya gesi:

1. Usiwashe kiberiti, taa ya mafuta wala sigara. Kama kuna jiko la makaa karibu, liondolewe kabla gesi haijalifikia.
2. Usiguse swichi ya stima, si kuwasha wala kuzima. Zote mbili hutoa cheche. Simu itumike nje.
3. Watoa watoto na wazee nje kwanza.
4. Funga gesi kwenye mtungi kama unaweza kufika bila hatari.
5. Fungua milango na madirisha yote. Gesi iko chini, kwa hivyo mlango ni muhimu kuliko dirisha.
6. Kama bado inavuja na haijashika moto, peleka mtungi nje mahali pa wazi, ukiwa umesimama, mbali na moto na shimo la choo.
7. Msirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa. Kisha mwite fundi.

IKISHIKA MOTO

Mafuta ya kukaanga yakishika moto, usimwage maji. Maji yanayarusha mafuta kila mahali. Zima gesi, funika sufuria kwa kifuniko, iache mpaka ipoe.

Moto ukiwa kwenye mpira ama kwenye mdomo wa mtungi na bado ni mdogo, lowesha kitambaa kizito cha pamba, jikinge mkono, funga mtungi. Ukishafunga, moto unakosa chakula. Kama huwezi kuufikia, usipigane nao. Toa watu wote, wapeleke mbali, zuia majirani wasije kutazama, na piga simu 999 ama 112. Mtungi unaochomwa na moto unaweza kupasuka. Nyumba hujengwa tena.

Mtu akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine kwa jagi. Vua pete na saa kabla hajavimba. Nguo iliyoshikana na ngozi usiibandue. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala unga, wala yai. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mwili usipate baridi, mpeleke kituo cha afya. Mtoto, ama aliyeungua uso, mikono ama sehemu kubwa ya mwili, asingojee asubuhi.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa narudi kwenu viongozi. Mtungi ukitolewa bila mafunzo, kikundi kimetoa nusu ya zawadi. Napendekeza mambo matano, na hayana gharama kubwa.

La kwanza, mtungi usikabidhiwe ukumbini. Ukabidhiwe nyumbani kwa mwanachama. Watu wawili wa kikundi waende, waone mahali utakapowekwa. Kama mahali hapafai, zamu ipishe kwa mwingine mpaka patengenezwe. Asione vibaya, zamu yake haijapotea.

La pili, siku hiyo wote wanaopika katika nyumba hiyo wawepo. Nyanya, watoto wakubwa, msaidizi wa nyumba, na baba pia. Kila mmoja awashe na kuzima mara tatu mwenyewe kwa mkono wake. Kuona si kujua.

La tatu, kikundi kinunue mizani moja. Mkichanga kila mtu kidogo, gharama haitaumiza, na muuzaji akijua mnapima, atawaheshimu.

La nne, pesa ya mpira, regulata na klipu iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Nimeona vikundi vinanunua mtungi na jiko, halafu mwanachama anaachiwa atafute mpira. Atatafuta ule wa bei ya chini.

La tano, kila miezi sita pangeni matembezi. Mtu na kikombe cha povu aende nyumba kwa nyumba. Angalieni mpira, tundu la hewa, na kama meko imerudi karibu na kuni.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Mwalimu, mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya 70 na anaogopa gesi. Nimlazimishe?" Hapana, mama. Anayeogopa asilazimishwe, na asiachwe peke yake na kitu anachokiogopa. Mwachie jiko lake la kuni, lakini mtengenezee lile lenye bomba la moshi. Ila hata asipopika, afundishwe kufunga mtungi na kutambua harufu. Kwa vile siku moja yeye ndiye atakuwa nyumbani.

Baba mmoja naye akauliza kama mtungi wa kampuni moja unaweza kubadilishwa popote. Zamani ilikuwa hivyo. Kanuni za mwaka wa 2009 zililazimisha kampuni kubadilishana mitungi. Kanuni za 2019 ziliondoa lazima hiyo, na sasa ni mpaka kampuni zenyewe ziwe zimekubaliana. Kwa hivyo kabla ya kikundi kuchagua aina ya mtungi, angalieni kwanza ni aina gani inayouzwa karibu nanyi na muuzaji mwenye leseni. Mtungi ambao hauwezi kujazwa hapa karibu ndio utakaopelekwa kwa yule wa nyuma ya duka.

Ndugu zangu, hatusemi turudi kwenye moshi. Tunasema akina mama wapumue vizuri na watoto wakue na vidole vyao kumi. Yote mawili yanawezekana. Mkifika nyumbani leo jioni, kabla ya kuniambia mazungumzo yalikuwa mazuri, mwiteni yule atakayepika kesho asubuhi. Mpeni kiberiti, simameni kando yake, na mwoneni akiwasha.